Saa ya Rangi Mbili na Kamera ya Mfukoni kwa Vumbi la Arusha na Moshi

Saa kumi na moja jioni, jua likishainamia upande wa Monduli, mtazame abiria aliyeshika bomba la daladala karibu na Mnara wa Saa, Arusha, akiwa na kronografu, yaani saa yenye vitufe vya kupimia muda, ya chuma na dhahabu mkononi. Chuma kimechukua rangi ya mawingu, dhahabu imechukua rangi ya jua, na gari likikata kona vinapokezana. Hiyo ndiyo raha ya rangi mbili, na picha za matangazo haziwezi kuionyesha kwa sababu hupigwa chini ya taa isiyosogea. Saa ya dhahabu tupu humtangulia mwenyewe kuongea. Ya chuma tupu ni nzuri, ila siku ya harusi huonekana mgeni kando ya pete ya ndoa. Ya rangi mbili inaelewana na pete, inaelewana na chuma cha mkanda wa suruali, na kesho yake inakwenda kazini bila kumshangaza mtu.

Kamera ndogo ya kuingia mfuko wa shati ni ndugu wa saa hiyo. Ni chombo kidogo kilichosheheni, chenye vitufe vinavyoitika. Vyote viwili hununuliwa kwa macho, lakini kinachoamua kama vitabaki na mwenyewe au vitauzwa kwa hasara ni kidole: je, kitufe bado kinaitika baada ya miaka miwili ya jasho, vumbi na masika? Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, tazama pale chombo kinapochakaa. Uzuri utauona tu, haujifichi.

Tuanze na dhahabu yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi huumia. Rangi mbili hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni dhahabu halisi iliyounganishwa na chuma cha pua: pete inayozunguka kioo, vitufe na pingili za katikati za cheni huwa karati 18, yaani sehemu 750 za dhahabu katika 1,000. Rolex walisajili jina Rolesor kwa mchanganyiko huo mwaka 1933, na Breitling walipoleta Chronomat yao mwaka 1984, miaka ambayo rangi mbili ilikuwa imepamba moto, wengi waliitaka hivyo hivyo. Dhahabu ya aina hii huchubuka, lakini chini ya mchubuko kuna dhahabu tena. Njia ya pili ni kuchovya: chuma kinapakwa dhahabu kwa umeme, na saa nyingi za zamani zimepigwa muhuri nyuma kuonyesha unene, mikroni 10 au 20. Unywele wa mtu una takribani mikroni 70, kwa hiyo pima mwenyewe. Njia ya tatu, ambayo ndiyo imejaa kwenye saa za bei ya kawaida leo, ni PVD: rangi inapakwa kwa mvuke ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Ni ngumu kuliko kuchovya kwa umeme, ila ni nyembamba mno, na ikishakwisha fundi hana cha kung'arisha. Ukiipeleka kusuguliwa, unalipa ili rangi iondolewe haraka zaidi.

Dhahabu ya kuchovya na ya PVD haianzi kwisha katikati, huanzia pembeni. Itazame kwenye ncha za kifungo cha cheni, upande wa chini unaogusa meza, kwenye kingo za masikio ya saa ambapo cheni inaungana na mwili, na kwenye kona ya kitufe cha juu ambapo kidole gumba hukaa. Hapa kamera ya mfukoni inafanya kazi ambayo macho hayaiwezi. Iweke kwenye hali ya kupiga vitu vya karibu: Ricoh GR III inashika fokasi, yaani inaona kwa ukali, kuanzia sentimita 6, na Olympus TG-6 inakwenda hadi sentimita 1 kutoka kwenye lenzi. Toa saa kwenye kivuli cha kibanda, ilaze juu ya karatasi nyeupe, piga kingo, kisha kuza picha kwenye kioo cha nyuma. Ukingo mzima wa dhahabu unaonekana kama mstari mmoja usiokatika. Ukingo uliokwisha una uzi mweupe katikati ya njano, mwembamba kama utando wa buibui, na ukiuona huo kwenye saa inayouzwa kama mpya, basi imeshavaliwa. Muuzaji mwaminifu hachukii ukifanya hivyo. Anayekunyang'anya saa amekwisha kukujibu.

Baada ya rangi njoo kwenye vitufe. Sokoni kuna saa nyingi zenye visaa vidogo vitatu usoni ambavyo ni mapambo matupu: mishale yake imegandishwa, au vitufe vya pembeni vinabadilisha tarehe tu. Jaribio lake ni la dakika tatu na lifanyike mbele ya muuzaji. Bonyeza kitufe cha juu: mshale mrefu wa katikati uondoke mara moja. Usiusimamishe haraka, uache upite dakika mbili kamili, kwa sababu kosa la kawaida ni mshale wa sekunde kutembea huku kisaa cha dakika kimelala. Bonyeza cha juu tena, usimame papo hapo. Bonyeza cha chini, mishale yote irudi kwenye sufuri, siyo karibu na sufuri. Rudia mara tano. Kitufe kikizama na kuchelewa kurudi, ndani ya kitundu chake kuna jasho lililokauka na vumbi. Husafishika, lakini ni ishara kwamba mpira wa kuzuia maji nao umeshakula chumvi hiyo.

Inavyorudi sufuri inakwambia pia kuna mashine gani ndani. Kwenye saa za betri za kawaida mshale unazunguka mbio mpaka unafika juu. Kwenye mashine za Seiko VK63 na VK64 unaruka kwa pigo moja, kwa sababu ndani kuna kinyundo kinachogonga kipande chenye umbo la moyo. Kipande hicho kikigongwa hakina pa kwenda isipokuwa mahali pake, na mshale unafuata. Ni utaratibu uleule wa kronografu za kutia ufunguo, umewekwa kwenye saa inayoendeshwa na betri. Kwa pesa ya mtu wa kawaida, mimi ningechukua hii kabla ya nyingine yoyote, kwa sababu kidole kinasikia pigo lile kila siku na hakilichoki.

Ujue mambo mawili ya mashine hizi yasije yakakutia hofu. VK64 haina mshale wa sekunde unaotembea muda wote, kwa hiyo kronografu ikiwa imesimama saa nzima inaonekana kama imekufa. Wapo waliobadilishiwa betri nzima kwa sababu hiyo. Na kile kisaa chenye namba hadi 24 si cha kupimia muda, kinafuata mishale mikubwa na hakirekebishwi peke yake. Saa saba mchana kielekee 13. Kikielekea 1, saa imetegwa usiku kwa mchana, izungushe mishale saa 12 mbele.

Kuhusu usahihi, tuchukue mfano wa hapa kwetu. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alikimbia mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, na John Walker wa New Zealand akaingia nyuma yake kwa 3:32.5. Tofauti yao ni sehemu tatu za kumi za sekunde. Kronografu ya betri ambayo mshale wake unapiga hatua moja kila sekunde ingewapa wote wawili muda mmoja. Inayopiga hatua tano kwa sekunde, kama VK63, ingeweza kuwatenganisha kwa hatua moja au mbili. Valjoux 7750, mashine inayojitia ufunguo yenyewe iliyomo kwenye kronografu nyingi za Uswisi, inapiga mara 28,800 kwa saa, yaani hatua nane kwa sekunde. El Primero ya Zenith, iliyotoka 1969, mwaka uleule Seiko walipotoa 6139 yao, inapiga 36,000 na inasoma sehemu ya kumi. Hizo hatua ndizo unazolipia unapopanda bei, pamoja na matunzo: kronografu ya kutia ufunguo inahitaji kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kadhaa, na fundi anayeiweza hapatikani kila mtaa. Ya betri haikudai hivyo.

Ile pete yenye namba 400, 200, 120, 100, 80, 60 watu huiona urembo, kumbe ni hesabu ya mwendo, kilomita kwa saa, iliyokwisha kufanywa: 3,600 gawanya kwa sekunde ulizotumia kwenye kilomita moja. Ukiwa abiria kwenye Noah kutoka Arusha kwenda Moshi, anza kwenye kibao cha kilomita, simamisha kwenye kinachofuata kilomita moja mbele. Sekunde 45 zinasomeka 80, sekunde 36 zinasomeka 100. Chini ya 60 pete inaishiwa namba, na ndipo hasa unapotaka kujua, kwenye kibao cha 50 unapoingia Usa River. Pima nusu kilomita, kisha gawanya kwa mbili namba uliyoisoma.

Adui wa saa ya rangi mbili huku kwetu ni mchanganyiko wa jasho na vumbi. Vumbi la Arusha ni la volkano, lina chembe kali. Likikutana na jasho na mafuta ya kupaka linakuwa msasa wa majimaji ndani ya pingili. Linakula pini, cheni inalegea. Ukitaka kujua cheni imeliwa kiasi gani, ishike saa kwa ubavu, uso ukiangalia pembeni, na uache cheni inyooke yenyewe. Ikibaki imenyooka kwa ulalo ni nzima, ikiinama kama ndizi imechakaa. Dawa yake ni kuosha kila wiki: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto, kisha kitambaa cha pamba. Kama saa imeandikwa ATM 3 tu, kipimo kidogo cha kuzuia maji, au hujui mpira wake una umri gani, chomoa cheni uioshe peke yake. Vitufe visibonyezwe vikiwa na maji, hata kwa saa ya ATM 10, kwa sababu kila mbonyezo ni pampu ndogo inayoelekea ndani. Na ukungu ukitokea chini ya kioo, hiyo si baridi ya Machame. Maji yameshaingia, mpelekee fundi siku hiyohiyo kabla uso haujatoa madoa.

Kupunguza pingili mtu anaweza kufanya nyumbani. Upande wa ndani wa cheni kuna mishale midogo: pini inasukumwa kutoka kufuata mshale, inarudishwa kinyume chake. Baadhi ya cheni zina kibomba kidogo kama punje ya mchele kinachoshika pini katikati ya pingili, kinadondoka bila sauti na kikipotea pini haikai tena. Fanya kazi hiyo juu ya taulo jeupe. Punguza sawa pande zote mbili za kifungo, la sivyo saa italala upande mmoja wa mkono.

Kubadilisha betri ni kazi ya dakika chache inayoharibu saa nyingi. Namba iliyo kwenye betri ya zamani ifuatwe mpaka herufi za mwisho, maana SR927W na SR927SW zina kimo kimoja lakini uwezo tofauti wa kutoa umeme. Kibanio kiwe cha plastiki, cha chuma kinaunganisha pande mbili za betri. Mashine nyingi za Seiko zenye visaa vidogo zina alama ya AC ndani: baada ya kuweka betri mpya, sehemu hiyo iguswe pamoja na betri kwa sekunde kama mbili, halafu mishale ya kronografu irudishwe sufuri kwa kuvuta kifundo cha pembeni na kubonyeza vitufe. Fundi asipofanya hivyo mishale inatembea ovyo, na mteja anaambiwa mashine imekufa. Mwisho kabisa mwambie, "Fundi, kabla hujafunga naomba niuone mpira." Mpira uliobanwa na kifuniko una alama ya kukatika upande mmoja, na maji yataingilia hapohapo. Upakwe mafuta kidogo sana ya silikoni, ukae kwenye mfereji wake mzima, ndipo kifuniko kifungwe. Na usiiache kronografu ikikimbia siku nzima kwa urembo, betri ya miaka mitatu haitafika huko.

Sasa kamera. Neno "ya mfukoni" linadanganya, kwa hiyo pima kwa unene na uzito. Ricoh GR III ina gramu 257 na unene wa milimita 33, inaingia mfuko wa shati bila kulivuta. Sony RX100 ya kwanza, ya mwaka 2012, ina gramu 240. Fujifilm X100VI, ambayo kwa umbo ndiyo inayofanana zaidi na saa ya rangi mbili, hasa ile ya fedha na ngozi nyeusi, ina gramu 521. Hiyo ni kamera ya begani au ya mfuko wa koti, na anayeinunua akitegemea mfuko wa suruali ataiacha nyumbani ndani ya mwezi. GR na X100 hazina zumu: ya kwanza inaona kama milimita 28, ya pili kama 35, na namba ikiwa ndogo lenzi inaona pana zaidi. Kwa barabara za Mbuyuni na Double Road pale Moshi, ambako watu na mizigo viko karibu na lenzi, 28 inatosha na inafundisha kusogea. Anayetaka nyuso zaidi achukue GR IIIx yenye 40. Zumu ya RX100, 28 hadi 100, inasaidia kupiga Kilimanjaro ukiwa mjini, ila uwe umeamka. Mlima hutoka alfajiri na mara nyingi jioni, na saa nne asubuhi wingu linaweza kuwa limeshaufunika.

Kwa nini usitumie simu tu? Simu inapiga picha nzuri, na kwa mambo mengi inatosha. Lakini kamera ndogo ina gurudumu la kubadilisha mwanga ambalo kidole hulipata gizani, aina kama GR na X100 ina sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga, kubwa kuliko ya simu, na haipigiwi simu katikati ya tukio. Ricoh wana njia ya kuweka fokasi kwa umbali uliopangwa tayari. Weka mita 2.5 na f/8, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, na kila kitu kuanzia takribani mita 1.2 hadi upeo wa macho kinakuwa kikali vya kutosha. Kamera haitafuti kitu, inapiga kidole kinapobonyeza. Ni utii uleule wa kitufe cha kronografu, na aliyeuzoea hawezi kurudi kwenye kioo kinachofikiri kwanza.

Jua la hapa, nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta, ndilo somo gumu kuliko yote. Kipima mwanga cha kamera kinadhani dunia yote ni ya kijivu. Bibi anayeuza ndizi akisimama mbele ya anga jeupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza, na uso wake unakuwa kivuli. Hapo peleka alama ya +/- hadi +1. Lakini ukimsogelea mpaka uso mweusi ukajaza picha, kamera inafanya kinyume: inaona giza, inaongeza mwanga, na ngozi nzuri inatoka ya majivu, mng'ao wa paji la uso umekuwa doa jeupe. Hapo shusha hadi -0.3 au -0.7. Wengi wamefundishwa kuongeza kila mara wakipiga ngozi nyeusi, na nusu ya picha zao zimepauka kwa sababu hiyo. Angalia kinachojaza fremu, siyo mtu ni nani. Theluji ya Kibo nayo inataka +1 au zaidi kidogo ikijaza picha, la sivyo inatoka kijivu kama sementi.

Bwana harusi mwenye suti nyeusi na bibi harusi mwenye gauni jeupe ndio mtihani wenyewe. Saa saba mchana usiwaweke juani kabisa. Jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo. Wapeleke barazani, hatua moja ndani ya ukingo wa kivuli, wakiangalia nje, na uwanja uliopigwa jua mbele yao utawamulika usoni. Pima mwanga kwa gauni, kwa sababu shona za gauni zikishaungua hazirudi, na suti unaweza kuivuta baadaye ukipiga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera. Kama hakuna baraza, flashi ndogo inafanya kazi kubwa. X100 na RX100 zina shata, yaani pazia la kufungua na kufunga mwanga, ndani ya lenzi, kwa hiyo flashi inakubaliana na kasi ambazo kamera kubwa nyingi hazikubali. Ipunguze hadi -1, simama mita moja na nusu, na kivuli cha kofia kitayeyuka bila mtu kujua ulitumia flashi. GR III haina flashi ndani, ukumbuke kabla ya kuibeba ukumbini.

Na kabla ya kuinua kamera kwa mtu, salamu. "Shikamoo bibi, naomba nikupige picha" inachukua muda mfupi kuliko kutafuta fokasi. Akikataa, shukuru upite. Kambi za jeshi na vituo vya polisi usipige kabisa.

Vumbi linaiua kamera ya mfukoni kupitia mdomo wa lenzi. Lenzi inayotoka na kuingia ni pampu: ikitoka inavuta hewa ndani, na hewa ya Boma Ng'ombe mwezi wa tisa si hewa tupu. Usiiwashe ukiwa nyuma ya gari jingine kwenye barabara ya vumbi, subiri dakika mbili vumbi litue. Usiweke mfuko mmoja na sarafu na funguo, na usiiweke moja kwa moja kwenye mfuko wa jinzi, ambao chini yake kuna manyoya ya kitambaa. Mfuko mdogo wa kitambaa laini, unaofuliwa kila wiki mbili, unaokoa kamera kuliko kifaa chochote cha dukani. Usipulize lenzi kwa mdomo, mate yanabandika chembe. Tumia pampu ya mpira, lenzi ikiangalia chini. Kujua kama vumbi limeshafika kwenye sensa, weka f/16, au f/11 kama lenzi haifiki huko, piga anga tupu na utazame: madoa ya kijivu yanayobaki mahali palepale katika kila picha ni vumbi la ndani. Kwenye kamera ambayo lenzi haichomoki, kulisafisha ni kuifungua yote. Ukisikia mkwaruzo wa mchanga lenzi inapotoka, izime hapohapo, usiilazimishe. Meno ya plastiki yanayoisukuma hayavumilii. Mtu wa Land Cruiser za mbugani na mvua za Marangu yamfaa zaidi TG-6, ambayo lenzi yake haitoki nje na inazama hadi mita 15, ingawa sensa yake ni ndogo na jioni picha zinakuwa na chembechembe.

Kamera za zamani zilizojaa kwenye mitumba ya Memorial pale Moshi na Kilombero pale Arusha, Canon IXUS, Nikon Coolpix, Sony Cyber-shot, zina rangi zinazopendwa tena, na bei yake inavutia. Kinachokwamisha ni kadi. Nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2006 hazisomi kadi ya SD inayozidi GB 2, za Sony za miaka hiyo zinataka Memory Stick, na za Olympus zinataka xD. Nenda sokoni na kadi yako na usinunue kamera isiyopiga picha mbele yako. Fungua mlango wa betri: betri ikitoka kwa shida imevimba, na mlango uliopinda hautashika tena. Kadi mpya nazo zinaghushiwa. Ijaze kadi kabisa kwa programu ya kompyuta ya kupima kadi, H2testw, kabla ya kuiamini na harusi ya mtu.

Ukienda mlimani, betri ya akiba ilale nawe ndani ya begi la kulalia. Ya GR III imekadiriwa picha 200 kwenye joto la kawaida, baridi inapunguza. Ukitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki kwanza, umande utatua juu ya plastiki. Usiku wa nyota weka kamera juu ya jiwe, shata kwenye hali ya T, ambayo hukaa wazi mpaka ubonyeze tena, na hapa kronografu inapata kazi yake: bonyeza vyote viwili pamoja, na kwa lenzi ya 28 funga kabla ya sekunde 18 kupita. Ukizidisha, nyota zinakuwa vistari.

Masika yakianza mwezi wa tatu, saa isiyovaliwa na kamera isiyotumika zitunzwe kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya silika. Usitumie mchele, unga wake unaingia kwenye mdomo wa lenzi. Betri ya kamera ichomolewe ikiwa na chaji nusu hivi. Kifundo cha saa kiwe kimesukumwa ndani, kronografu iwe sufuri, na cheni isigusane na kamera. Mara moja kila wiki mbili zitoe, washa kamera, bonyeza vitufe vyote vya saa mara kadhaa ili mipira isigande, uzirudishe.